Ukuta wa Kikwembe na Ukuta wa Mawe

Wamama wapenzi, prezidenti wa kikundi chetu aliniomba niandike habari za safari yangu ya Unguja. Nadhani alifikiri nitawaandikia juu ya bei ya vitenge, karafuu na bahari. Hayo nitayagusa. Lakini jambo kubwa nililorudi nalo halikuwa ndani ya mizigo, nalo linatuhusu sisi sote tunaokaa pamoja kila Alhamisi kuhesabu pesa na kuombeana.

Niseme kwanza kosa langu, ili msome mengine mkijua kwa nini nayaandika.

Mwaka 2020, mwezi wa 4, mto Mulongwe ulipojaa na kubeba nyumba za watu hapa Uvira, mwenzetu mmoja alipoteza nyumba yake. Alikuja kwangu na watoto wake. Nyumba yangu ina vyumba viwili tu. Tulifunga kamba toka ukuta huu hadi ule, tukatundika vikwembe, na hivyo ndivyo vilikuwa ukuta kati ya familia mbili. Ninyi nyote mnaujua ukuta wa kikwembe. Unazuia jicho, hauzuii sikio. Ukigeuka kitandani, mwenzako anajua. Ukilia usiku, hata ukiuma shuka, mwenzako anajua.

Basi usiku mmoja nilisikia. Asubuhi, tulipokuwa tunachambua majani ya sombe, yeye akaona usoni mwangu kwamba nimesikia. Akanieleza yote, kisha akasema, “Dada, haya ni ya kwangu na wewe.” Nikamwambia ndiyo.

Sitaandika hapa lilikuwa jambo gani. Wale wanaolijua wanalijua kwa sababu yangu, na wale wasiolijua waendelee hivyo.

Miezi ilipita, naye akapata nyumba ya kupanga. Siku moja katika mkutano wakauliza nani ana haja ya kuombewa. Nikainua mkono. Sikutaja jina. Nilisema tu, “Kuna dada mmoja aliyekaa kwangu baada ya mafuriko,” nikaeleza shida yake, hata machozi yakanitoka. Nilifikiri nafanya tendo la upendo. Lakini nani hakujua ni nani aliyekaa kwangu baada ya mafuriko? Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika Kalundu. Juma lililofuata aliacha likelemba, wakati zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki mara mbili tu. Tukikutana sokoni alinisalimia vizuri. Ilikuwa salamu tu.

Nilibeba jambo hilo karibu miaka mitatu. Nililibeba hata ndani ya basi.

Basi la kwenda pwani

Ilikuwa kiangazi cha 2023. Binti wa baba yangu mkubwa ameolewa Unguja, na kwa muda mrefu alikuwa ananiita nikamtembelee. Nikaona niunganishe na biashara: ninunue vitenge Dar es Salaam, kisha nivuke bahari nikamwone dada yangu. Nilivuka mpaka pale Kavimvira, nikafika Bujumbura, na hapo nikapanda basi.

Wale waliosafiri njia ile wanajua maisha ya basi. Mama aliyeketi kando yangu alinipa karanga, na kabla hatujafika mpaka wa Tanzania nilikuwa najua presha yake inapanda kiasi gani, bwana wake alipoteaje kazi, na binti yake ana mimba ya nani. Jina lake sikulijua. Nami nikamweleza ya kwangu. Kule nyuma wamama wengine walikuwa wanafanya hivyo hivyo, na vijana waliojifanya wamelala walikuwa wanasikia yote.

Sitaki mtu afikiri kwamba nadharau desturi hiyo. Kwetu mtu akinyamaza sana tunauliza ana nini. Tunasema ana majivuno, au ana roho mbaya, au ana kitu anachoficha nyumbani. Tumezoea kwamba shida ya mmoja ni habari ya avenyu nzima, na mara nyingi imetuokoa. Usiku ule wa Mulongwe hakuna aliyeuliza, “Hii ni shida ya nani?” Kila mmoja aliingia kwa mwenzake, akabeba mtoto aliyemkuta. Mtu anayeficha kila kitu hawezi kusaidiwa. Ndiyo maana wazee walisema mficha uchi hazai.

Lakini ndani ya basi lile, mama yule alipokuwa ananieleza mimba ya binti yake, nilijiuliza: je, binti huyo anajua kwamba jambo lake linasafiri mpaka Dar es Salaam?

Kariakoo nilimaliza biashara kwa siku tatu. Kuna mtaa pale unaoitwa Manyema. Nilisimama nikausoma ubao mara mbili. Manyema ni kwetu, ni upande wa Kasongo na Kindu, na watu waliotoka huko zamani waliacha jina lao katikati ya mji ule. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Hodi

Meli iendayo kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja inachukua kama saa mbili. Dada yangu alinipokea bandarini, tukatembea kwa miguu hadi kwake, Mji Mkongwe.

Mji huo umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Njia zake ni nyembamba mno. Mahali pengine mkinyoosha mikono wawili mnagusa nyumba za pande zote mbili. Milango ni mizito, ya mbao iliyochongwa maua na minyororo, mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Nje ya nyumba nyingi kuna kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Wanakiita baraza. Hapo wanaume wanakaa jioni, wanakunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, wanazungumza siasa na mpira. Mgeni anaweza kukaa hapo saa nzima, akapewa kahawa, akacheka na watu, bila kujua kilichopikwa ndani ya nyumba ile.

Dada yangu anakaa na mama mkwe wake, mzee ambaye kila mtu anamwita Bi Mkubwa. Siku ya pili nilitoka kidogo, na niliporudi nikafanya kama tunavyofanya Uvira: nikasema “Hodi!” huku mguu mmoja uko ndani na mkono umeshika pazia. Bi Mkubwa alikuwa anafunga nguo yake. Hakukasirika. Alingoja nikae, kisha akasema:

“Mwanangu, kwenu mtu akibisha hodi, anangoja aambiwe nini?”

Nikasema, “Karibu.”

“Na wewe nani kakukaribisha?”

Nikacheka kwa haya. Akanieleza kwamba kwao mtu anabisha mara tatu. Asipojibiwa, anarudi alikotoka, wala hanuni. Ni mafundisho ya dini yao, na pia ni tabia ya mji. Aliye ndani huenda hajavaa, huenda analia, huenda hana chakula cha kumpa mgeni. Kutojibu ni haki yake.

Wamama, fikirieni ni mara ngapi tumesema hodi tukiwa tumeshafika jikoni na kufunua sufuria.

Nyumba ndani ya nyumba

Nilifikiri kwamba watu wa Unguja wanajua kutunza siri kwa sababu wana kuta za mawe. Ni kweli kwamba wajenzi wa zamani wa pwani walifikiri sana juu ya jambo hilo. Kule Lamu, kwa mfano, nyumba za zamani zina kipito chenye kona mara tu unapoingia, ili aliyesimama mlangoni asione uani. Vyumba vinafuatana mmoja nyuma ya mwingine, na kile cha nyuma kabisa kinaitwa ndani. Kuna hata vijumba vilivyojengwa juu ya njia, kutoka nyumba moja hadi nyingine, vinavyoitwa wikio, ambako wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Nilipoona moja ya hivyo Unguja nikasema: kumbe watu hawa walikuwa na barabara mbili, moja ya wote na moja ya wanawake!

Lakini nyumba ya Bi Mkubwa si hivyo tena. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziligawanywa, familia kadhaa zikaingia katika nyumba iliyokuwa ya tajiri mmoja. Kwenye ngazi ile ile wanapita watu wa milango minne. Choo ni cha familia mbili. Na katika chumba walicholala wajukuu, nilikuta nini? Kamba toka ukuta hadi ukuta, na kanga mbili zimetundikwa. Nilisimama nikaangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Usiku wa tatu, jirani wa upande wa pili aligombana na bwana wake. Tulisikia kila neno. Asubuhi mwanamke huyo alikuja kuomba chumvi, macho yamevimba. Mimi nilikuwa tayari kumwambia pole. Bi Mkubwa alinitangulia. Akampa chumvi, akamuuliza mtoto wake amepona kikohozi, akasema, “Nikipika leo nitakuletea kidogo, nimezidisha nazi.” Mwanamke akaenda. Mchana Bi Mkubwa mwenyewe akabeba bakuli, akakaa kwake zaidi ya saa moja. Aliporudi sikumuuliza kitu, maana nilikuwa nimeanza kujifunza.

Jioni yeye mwenyewe akaniambia: “Ukimwambia pole mlangoni, umemwambia kwamba umesikia, na mimi nimesikia, na mgeni wa Kongo amesikia. Ukimpelekea chakula, ana nafasi ya kusema akitaka, na ya kunyamaza akitaka.”

Akanipa methali ambayo sikuijua: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wanawake wanaoosha maiti wanaona mwili wote, makovu yote, na wanazika yote waliyoyaona. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wanawake hao. Kitendo hicho cha kumfunika mwenzako wanakiita sitara. Siri ni jambo unalolificha kwa ajili yako. Sitara ni nguo unayomfunika mwingine.

Vikwembe vinavyosema

Msifikiri wanawake wa Unguja ni mabubu. Wanasema sana, lakini wana njia zao.

Kanga zao zinauzwa mbili mbili, zimeungana, wanaziita doti. Zina pindo pande zote, katikati kuna mji, na karibu na pindo la chini kuna maneno yaliyopigwa chapa. Kwetu pia vitenge vinapewa majina. Kuna kimoja ambacho wamama wa nchi nyingi za Afrika wanakijua kwa Kifaransa kama Mon mari est capable, yaani bwana wangu ana uwezo. Lakini jina la kitenge liko mdomoni mwa muuzaji, na jina la kanga limeandikwa kiunoni mwa anayeivaa.

Dada yangu alinionyesha kanga yenye maneno Hasidi hana sababu. Alisema ukivaa hiyo ukapita mbele ya mtu fulani, hujamtukana, hujamtaja, na hakuna anayeweza kukupeleka kwa mzee wa mtaa. Ametambua mwenyewe. Na kama hakutambua, basi hukuwa na ugomvi. Nyingine inasema Wema hauozi, hiyo unampa mtu aliyekusaidia wakati ambao hamtaki kuutaja tena.

Nilipenda jambo hilo, lakini pia niliona hatari yake. Maneno ya kiunoni yanaweza kuchoma kama ya mdomoni. Anayechomwa hawezi hata kujibu, maana hakuna aliyesema kitu.

Pia wana mtu anayeitwa somo, au kungwi. Ni mwanamke mzima anayepewa msichana anapobalehe, anamfundisha mambo ya mwili na ya ndoa, na anabaki kuwa mtu wake wa siri. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Nilipowaza hayo nikaona kitu: wazee wetu hawakutuambia tunyamaze kabisa. Walitupa mtu mmoja wa kumwambia. Shida yetu leo ni kwamba shangazi amebaki kijijini au amekimbia vita, nafasi yake tumempa kila mtu, na kila mtu si mtu.

Mkunazini

Siku moja nilikwenda na Bi Mkubwa hadi Mkunazini. Hapo ndipo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Baadaye kanisa la Anglikana lilijengwa mahali pale. Katika uwanja kuna sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni.

Watu wengi waliouzwa Unguja walitoka bara, na wengine walitoka upande wetu, Manyema. Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja, alikuwa na makao yake Kasongo, akapeleka pembe za ndovu na watu pwani. Alirudi kufa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake iko pale pale Mji Mkongwe, mtaa wa Shangani. Kiswahili tunachozungumza leo Kongo kilikuja sana kwa njia za misafara ile. Lugha ninayowaandikia ilipita katika mlango huo.

Nilikuwa naangalia sanamu wakati Bi Mkubwa aliposema kwa sauti ndogo: “Mama wa bibi yangu alitoka kwenu.”

Nikageuka. Alikuwa anaangalia chini.

Alisema nyumbani kwao halikuzungumzwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na waliotoka humo walitaka kuwa watu kama wengine. Walijifunga kanga nzuri, wakavaa buibui, wakajiita watu wa Unguja, na kama mtu akiuliza asili, walijibu kwa maneno mengine. Walinyamaza ili watoto wao wasidharauliwe. “Ilikuwa sitara,” alisema. “Walitufunika.” Kisha akanyamaza muda mrefu. “Lakini sasa natamani kumwombea kwa jina lake, na jina silijui. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza.”

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tukaenda nyumbani. Kila ninapotaka kusema kwamba kunyamaza ni kuzuri siku zote, ninamkumbuka mzee huyo na jina alilokosa.

Jambo lako na jambo lake

Usiku wa mwisho tulikaa uani, mimi na yeye, tunachambua mchele. Labda ilikuwa kazi ile ya mikono iliyonikumbusha sombe. Nilianza kumweleza juu ya mwenzangu wa Uvira. Nilisema, “Bi Mkubwa, kuna dada mmoja alikaa kwangu, na shida yake ilikuwa…”

Akainua mkono.

“Jambo hilo ni lako au ni lake?”

“Ni lake,” nikasema. “Lakini mimi nilimkosea.”

“Basi nieleze lako. Lake liache.”

Wamama, nilijaribu. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri. Kila mara nilipotaka kueleza kosa langu, ulimi ulikimbilia shida yake, kwa sababu shida yake ndiyo ilikuwa na utamu wa kusimulia. Nilipoiondoa, maneno yaliyobaki yalikuwa machache: niliambiwa siri, nikaahidi, nikaitoa mbele za watu, nikaiita sala. Nikalia. Bi Mkubwa aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, “Sasa yapeleke maneno hayo hayo kwake. Usiongeze.”

Sijui kama ninyi mtafaidika na kanuni hiyo, lakini mimi imenisaidia kila siku tangu hapo. Kabla sijafungua mdomo ninajiuliza: hili ni langu au ni lake? Jambo langu naweza kumwambia ninayemwamini. Jambo lake naweza kumwambia yeye tu.

Mambo ambayo hayafunikwi

Nilirudi nikiwa na furaha ya kuwafundisha, na binti yangu mkubwa akanisimamisha. Alisema, “Mama, ukiwaambia wamama wanyamaze, wale wanaopigwa nao watanyamaza.” Ana haki.

Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Alitoka katika mji huo huo wa sitara, na bado wimbo wake unaoitwa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa, na muuaji akatoroka. Jambo kama hilo Siti hakulifunika, watu wakalisikia.

Hata kwetu tunajua. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Dunia ilijua yanayotupata kwa sababu wanawake walikubali kusema. Tangu tarehe 20 Julai 2006 nchi yetu ina sheria maalumu zinazoadhibu ubakaji na jeuri nyingine za namna hiyo. Na mwanamke au mtoto aliyebakwa anapaswa kufika hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya sida ziweze kumsaidia. Katika saa hizo kusema “tusiaibishe familia” ni kumfunika aliyeumiza na kumwacha uchi aliyeumizwa.

Kwa hiyo tofauti ninayoiona ni hii. Jambo linaloaibisha mtu bila kumdhuru mwingine, tulifunike. Jambo linaloumiza mtu, hasa mtoto, tuliseme, lakini tuliseme kwa mwenye uwezo wa kulizuia: muuguzi, hakimu, mzazi, mkubwa tunayemwamini. Wenye mafuta ya kukaanga sokoni hawawezi kulizuia.

Katika kikundi tumekwisha kupatana mambo matatu. La kwanza, anayetaka kuombewa atasema haja yake mwenyewe. Haja ya mwenzake ataileta kama mwenzake amemtuma. La pili, habari ya mkopo wa mtu, na sauti au picha yake, haitapita katika kikundi cha WhatsApp. La tatu tulijifunza kutoka sanduku letu la akiba. Mnajua lina kufuli tatu, na wamama watatu wanashika ufunguo, kila mmoja wake. Hakuna anayelifungua peke yake, hata akiwa na nia nzuri. Siri ya mtu pia ina kufuli, na ufunguo mmoja unabaki kwake siku zote.

Mlangoni

Juma moja baada ya kurudi nilikwenda kwa mwenzangu. Mlango wake ulikuwa wazi, na kikwembe kimetundikwa. Nilimsikia ndani anaosha vyombo. Zamani ningeingia.

Nilisema, “Hodi.” Vyombo vikanyamaza. Nikangoja. Nikasema mara ya pili. Jirani aliyekuwa anaanika ndagala aliniangalia kwa mshangao, kama anajiuliza ninafanya nini pale kama mkusanya kodi. Nikasema mara ya tatu, nikaanza kuwaza kwamba nitarudi nyumbani, na kwamba ni haki yake.

“Karibu,” akasema.

Nilimweleza maneno yale machache, sikuongeza. Alikaa kimya, kisha akasema amenisamehe, lakini kwenye likelemba hatarudi kwa sasa. Nikasema sawa. Akaniuliza habari za pwani, nikamtolea kanga niliyomletea. Aliigeuza, akatafuta maneno karibu na pindo, akayasoma taratibu: Wema hauozi. Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza acheke nami tangu mwaka ule.

Kanga hiyo sijamwona ameivaa sokoni. Lakini juzi nilipita kwake nikaona ameitundika mlangoni, mahali pa kile kikwembe cha zamani. Nilisimama nje, nikabisha hodi, nikangoja.